Saa ya kompyuta inaruka masaa matatu kila ukihama Windows na Linux: mwongozo kamili, na usikimbilie betri

Wakuu, hili swali limekuwa likirudi kwangu vilevile kila mara, mtu ana laptopu au desktopu ya steshenari, saa imerudi nyuma, anaenda kununua betri ya mazabodi, anaweka, inakaa siku mbili safi halafu saa inaruka tena, anarudi dukani kugombana kwamba kauziwa betri feki. Betri haikuwa feki. Mara nyingi kinachoichezea saa ni mfumo endeshi wenyewe, yaani Windows au Linux au vyote viwili vikigombea saa moja, na hata uweke betri kumi haitatulia mpaka uelewe nani anaandika nini.

Na sio jambo dogo. Karani wa samaki pale soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, anayetunza mauzo kwenye Excel akifungua asubuhi na tarehe imerudi jana, daftari zima la siku linachanganyika. Mwanafunzi wa chuo pale Malimbe anajaribu kufungua tovuti ya kutuma kazi, kivinjari kinamwandikia NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, analaumu bando wakati tarehe ya mashine yake ndio imeharibika. Kwa hiyo tuifanye kazi hii vizuri, hatua kwa hatua, na tafadhali usiruke hatua ya 1 na ya 2 hata kama una haraka, wengi wanaoshindwa ndipo wanapoharibia.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Simu yenye saa sahihi, iliyowekwa ichukue saa ya mtandao yenyewe. Hii ndio kipimo chetu. Kama uko upande wa Kagera karibu na mpaka linganisha simu mbili, maana Rwanda na Burundi wako nyuma yetu kwa saa 1 na simu ikidaka mnara wa kule inabadilika bila kukuambia.
- Karatasi na kalamu. Kweli kabisa, utaandika saa, usitegemee kichwa.
- Bando kidogo tu, kusinki saa (kuilinganisha na saa sahihi ya mtandaoni) kunatumia data ndogo mno. Ila hotspoti ya simu iwe tayari, nitaeleza kwanini.
- Paswedi ya adimini ya Windows, na ya sudo (amri za adimini za Linux) kama una Linux.
- Funguo ya BitLocker kama Windows yako imefungwa kwa usimbaji. Angalia sasa hivi kwenye akaunti yako ya Microsoft, sio wakati skrini ya bluu imeshakuuliza.
- Bisibisi ndogo, mita ya kupimia volti na betri moja ya CR2032. Hivi viweke pembeni, ni vya hatua ya mwisho na huenda usivihitaji kabisa.

## Elewa hili kwanza, ni dakika moja

Kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza iko kwenye mazabodi, inatembea hata mashine ikizimwa kwa sababu ina kabetri kake, hii tutaiita saa ya mazabodi. Ya pili ni saa ya mfumo, ile unayoiona kwenye kona ya skrini. Mashine ikiwaka, mfumo unasoma saa ya mazabodi mara moja, halafu unaendelea kuhesabu wenyewe, na baadaye unairudishia saa ya mazabodi kile unachoamini ni sahihi.

Tatizo liko hapa: saa ya mazabodi ni tarakimu tupu, haina sehemu ya kusema hii ni saa ya nchi gani. Windows inaichukulia kuwa ni saa ya hapa hapa ulipo. Linux inaichukulia kuwa ni saa ya UTC, yaani ile saa ya dunia ambayo kila nchi inapimia yake, halafu inaongeza tofauti ya nchi, na Tanzania tuko UTC+3. Ni kama makarani wawili wanaoandika kwenye daftari moja, mmoja anaandika kilo mwingine anaandika ndoo, na hakuna aliyeandika kipimo juu ya ukurasa.

## Hatua ya 1: Pima tofauti, usirekebishe chochote

Washa mashine, acha saa ilivyo, linganisha na simu, andika tofauti pamoja na tarehe na mwaka. Kwanini usirekebishe? Kwa sababu ukubwa wa tofauti ndio unaokutajia mkosaji, ukiirekebisha umefuta ushahidi.

Soma tofauti yako hivi:

Saa 3 kamili. Huyu ni mfumo, karibu kila mara. Simu inasema 14:00, Windows inasema 11:00, maana yake kuna Linux imeandika UTC kwenye mazabodi na Windows imeisoma kama saa ya Mwanza. Ukiona Linux ndio iko 17:00, basi Windows iliandika saa ya hapa na Linux ikaongeza 3 juu yake. Nenda hatua ya 2 kisha ya 4.

Saa 6 kamili. Hapa mtu alirekebisha kwa mkono kwa saa za Kiswahili. Ilikuwa saa mbili asubuhi, akaandika 2:00 badala ya 8:00. Inatokea sana kwenye mashine zinazotumiwa na watu wengi, dada wa zamu ya asubuhi anaona saa "haieleweki" anairekebisha kwa nia njema kabisa. Weka sahihi, bandika kikaratasi kwenye skrini, umemaliza.

Saa 12. AM na PM zimegeuzwa. Weka mfumo wa saa 24 na hutaiona tena.

Saa 10 au 11. Mashine imepigiwa Windows mpya na taimu zoni imebaki ya Marekani magharibi, ile Pacific. Inakuwa 11 au 10 kutegemea msimu maana wenzetu kule wanasogeza saa, sisi hatusogezi. Nenda hatua ya 3.

Saa 1 au 2. Taimu zoni ya nchi nyingine ya Afrika, Harare iko saa 1 nyuma yetu, Lagos saa 2. Hatua ya 3.

Dakika zisizo na mpangilio, mfano 7 leo, 11 wiki ijayo. Saa inachelewa au inawahi taratibu na hakuna kinachoisinki. Hatua ya 5.

Tarehe imerudi miaka mingi nyuma na BIOS, yaani programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows au Linux, imesahau mipangilio yake. Hapa sasa betri inashukiwa kihalali. Lakini pita hatua ya 2 kwanza.

Umefanikiwa hatua hii kama una namba moja kwenye karatasi na unaweza kusema inaangukia fungu gani. Kama tofauti ni saa 3 na dakika 8, una matatizo mawili kwa pamoja, lile la saa 3 na lile la kutosinki, yatibu kwa mpangilio huo huo.

## Hatua ya 2: Iulize BIOS

Sasa tunataka kuona saa ya mazabodi yenyewe kabla mfumo wowote haujaigusa.

Kama unaingia kutoka Windows, usibonyeze "Shut down", bonyeza "Restart". Sababu ni kwamba Windows za siku hizi zina kitu kinaitwa "Fast startup", ukizima kawaida haizimiki kabisa, sehemu ya mfumo inalala kwenye diski inasubiri kuamshwa. "Restart" ndio inaanza upya kweli.

Mashine ikianza kuwaka gonga kitufe cha BIOS mfululizo. Dell, Acer na Asus mara nyingi ni F2, HP ni Esc halafu F10 au F10 moja kwa moja, ThinkPad ni F1, desktopu nyingi ni Delete. Tafuta ukurasa wenye tarehe na saa, kawaida ni ule wa kwanza kabisa. Andika saa ya BIOS na saa ya simu kwa wakati mmoja, kisha toka bila kuhifadhi kitu.

Rudia zoezi hili ukitoka Linux, kama unayo. Tena iache Linux ikae kwenye intaneti angalau robo saa kabla ya kuizima, maana ikishasinki ndio huandika saa kwenye mazabodi, na huwa inaandika kila baada ya dakika 11 hivi.

Ukiona BIOS iko sawa na simu ukitokea Windows, halafu iko nyuma saa 3 ukitokea Linux, huo ndio ushahidi kamili, betri yako haina kosa lolote, mifumo miwili inaandika tofauti.

Sasa jaribio la betri lenyewe: zima mashine kabisa, chomoa waya wa umeme, iache usiku kucha, asubuhi ingia BIOS moja kwa moja bila kupita Windows. Saa ikiwa imetembea vizuri na tarehe ni ya leo, betri ni nzima, usinunue. Ikiwa imesimama au imerudi miaka nyuma, ruka hadi hatua ya 8.

Onyo, na hili ndio kosa linalowarudisha watu nyuma kuliko yote: usirekebishe saa ndani ya BIOS kwa sababu tu "haifanani na ukutani". Kama mashine imewekwa kutunza UTC, ni sahihi kabisa BIOS kuonyesha 11:00 wakati Mwanza ni saa nane mchana. Mtu anatengeneza vizuri, baada ya wiki anaingia BIOS kwa jambo lingine, anaona saa iko nyuma, anaisogeza mbele masaa matatu, na anaharibu kila kitu alichokwisha kutengeneza.

## Hatua ya 3: Taimu zoni iwe moja kote

Hakuna maana ya kutibu saa ya mazabodi wakati mfumo haujui uko nchi gani.

Windows: fungua "Settings", kisha "Time & language", kisha "Date & time". Kwenye orodha ya taimu zoni utatafuta Dar es Salaam na hutaiona, haipo, wala usihangaike kushuka na kupanda. Chagua "(UTC+03:00) Nairobi", ndio hiyo hiyo ya kwetu. Kuna nyingine zenye +03:00 kama Baghdad na Moscow, ziache, leo zinafanana kesho nchi yao ikibadilisha sheria ya saa na wewe unabadilika nao.

Kwa wanaopenda dirisha la amri, fungua Command Prompt kama adimini uandike:

`tzutil /s "E. Africa Standard Time"`

Halafu `tzutil /g` ikutajie iliyopo. Ikirudisha maneno hayo hayo umefaulu.

Linux ni:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Zingatia alama za mstari wa chini kati ya maneno, na herufi kubwa zikae kubwa.

Uzuri wetu ni kwamba Tanzania saa haibadiliki msimu kwa msimu, tofauti ya 3 ni hiyo hiyo Januari hadi Desemba. Hili litatusaidia kwenye uamuzi unaofuata.

## Hatua ya 4: Chagua njia moja, MOJA TU

Kuna njia mbili za kuwapatanisha. Njia A, Windows ifundishwe kusoma UTC kama Linux. Njia B, Linux ifundishwe kutunza saa ya hapa kama Windows. Zote zinafanya kazi. Kinachoua ni kufanya zote mbili, mtu anasoma huku anafanya A, anasoma kule anaongeza B, matokeo yake mifumo imebadilishana tabia na tofauti ya saa 3 inarudi kwa upande wa pili, sasa Windows ndio inatangulia na Linux inachelewa. Ukiona hivyo ujue zote mbili zimewashwa.

Uchague ipi? Maandishi mengi ya nje yanasisitiza A, na sababu yao kubwa ni kwamba kwenye nchi zinazosogeza saa, mifumo miwili inaweza kusogeza kila mmoja kwa wakati wake na saa ikasogea mara mbili. Sisi hatuna shida hiyo. Kwa hiyo mimi naangalia maisha ya mashine. Kama ni ya steshenari ambayo kila baada ya miezi kadhaa inapigwa Windows upya, chagua B, maana mpangilio wa A unakaa ndani ya Windows na unafutika nayo, halafu anayepiga hajui ulikuwepo. Kama Linux ndio unayoishi nayo na Windows unaingia mara moja moja, chagua A bila kusita.

### Njia A: Windows isome UTC

Ingia Windows, fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika kwa mstari mmoja:

`reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Inatakiwa ikujibu "The operation completed successfully." Ikikwambia "Access is denied" hukufungua kama adimini.

Fanya "Restart". Windows ikirudi unaweza kuona saa imetangulia masaa matatu, usishtuke na usiisogeze kwa mkono kwenda BIOS, ni kwamba sasa inaisoma mazabodi kama UTC wakati bado ina ile saa ya zamani ya Mwanza. Unganisha intaneti na usinki kama hatua ya 5 inavyoeleza, ikishasinki inaandika UTC kwenye mazabodi yenyewe.

Kisha ingia Linux uhakikishe haiko kwenye hali ya saa ya hapa:

`sudo timedatectl set-local-rtc 0`

Andika `timedatectl` peke yake uangalie mistari. "RTC time" (ndio saa ya mazabodi) na "Universal time" (UTC) zinatakiwa zifanane, na mstari wa "RTC in local TZ" useme no.

### Njia B: Linux itunze saa ya hapa

Anza na kuondoa mabaki ya A huko Windows, kama yapo:

`reg delete HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation /v RealTimeIsUniversal /f`

Ikisema haikuikuta, vizuri, haikuwepo. Kama imefuta kweli, fanya "Restart".

Ingia Linux ukiwa na intaneti:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Subiri kidogo, andika `timedatectl`, usiendelee mpaka "System clock synchronized" iseme yes. Kwanini? Kwa sababu amri inayofuata inachukua saa iliyopo kwenye mfumo na kuiandika kwenye mazabodi, ikiwa mbovu utaandika ubovu.

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Ukiandika `timedatectl` tena utaona onyo refu la Kiingereza kwamba hali hii haikubaliki kikamilifu. Wengi wakiliona wanarudisha 0 kwa woga. Onyo lenyewe linahusu mambo mawili, kusogezwa kwa saa kimsimu, ambako hapa hakupo, na kwamba Linux sasa haitaigusa tena saa ya mazabodi yenyewe. Hilo la pili ni la kweli, kwa hiyo Windows ndio inabaki mtunzaji, hakikisha Windows inasinki. Mafanikio ni "RTC time" kufanana na "Local time", na "RTC in local TZ" kusema yes.

Ukitaka kulazimisha Linux iandike mazabodi muda huo huo, kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, ni `sudo hwclock --systohc`. Kwenye Ubuntu na Debian mpya ikikwambia haipo, iweke kwa `sudo apt install util-linux-extra`.

## Hatua ya 5: Windows isinki kweli, sio kwa kudhani

Kwenye Command Prompt ya adimini:

`sc config w32time start= auto`

Baada ya alama ya = kuna nafasi, usiifute. Kisha:

`net start w32time`

`w32tm /resync`

`w32tm /query /status`

Hiyo ya mwisho ndio inasema ukweli. Angalia mstari wa "Source". Ukiona time.windows.com umefanikiwa. Ukiona "Local CMOS Clock", yaani saa ya mazabodi, maana yake Windows inajiuliza yenyewe, haijaongea na mtandao hata kidogo.

Mambo mawili yanakwamisha hapa.

La kwanza, kama saa yako imepishana zaidi ya saa 15, Windows inakataa kurekebisha kwa usalama, inakwambia mabadiliko yanayotakiwa ni makubwa mno. Iweke kwa mkono karibu na ukweli, tarehe na mwaka pia, halafu rudia `w32tm /resync`. Hii ndio sababu mashine iliyorudi miaka nyuma haijirekebishi hata ukiipa bando la mwezi mzima.

La pili, mitandao ya ofisi na vyuo mara nyingi imefunga mlango wa UDP 123 ambao saa inapitia. Kila kitu kinafunguka, saa tu haisinki. Hapo ndipo hotspoti ya simu inapoingia, unganisha, rudia amri, ikikubali umejua shida ni mtandao ule na sio mashine. Ukitaka seva ya ziada:

`w32tm /config /manualpeerlist:"time.windows.com africa.pool.ntp.org" /syncfromflags:manual /update`

Kama una mifumo miwili zima pia ile "Fast startup". "Control Panel", "Power Options", "Choose what the power buttons do", bonyeza kwanza maandishi ya kuruhusu mabadiliko halafu toa tiki. Kuiacha kuna hatari kubwa kuliko ya saa: Windows iliyolala nusu ukiigusa mafaili yake kutoka Linux unaweza kuharibu diski ya kazi.

## Hatua ya 6: Jaribio la kuzungusha

Bila hili usiseme umepona. Zima intaneti kwanza, Wi-Fi na waya, maana intaneti inaficha ugonjwa, saa inaruka halafu inasinki kabla hujaiona.

Restart kwenda Linux, angalia saa, andika. Restart kwenda Windows, angalia, andika. Rudi Linux tena, kisha Windows tena. Mwisho zima kabisa, kunywa chai, washa.

Kama kote tofauti na simu ni sekunde au dakika moja tu, imepona. Ikiruka saa 3 upande mmoja rudi hatua ya 4, kuna upande haukushika, na mara nyingi ni kwamba baada ya `reg add` mtu alifanya "Shut down" badala ya "Restart".

## Hatua ya 7: Nina Windows tu, na bado inaruka

Hapa kuna mambo matatu ya kuyaangalia.

Kwanza, mashine ilienda kwa fundi hivi karibuni? Mafundi wengi wazuri wanatumia flashi yenye Linux kuokoa mafaili Windows ikigoma. Ile Linux ya kwenye flashi ikipata intaneti inaandika UTC kwenye mazabodi, unarudishiwa mashine yenye Windows peke yake lakini iko nyuma saa 3. Hapa usiweke `RealTimeIsUniversal`, sinki tu mara moja kama hatua ya 5, kwisha.

Pili, kuna mtu anarudisha tarehe nyuma ili programu ya majaribio isiishe muda? Hii iko sana kwenye mashine za kushea. Muulize kwa upole, ila mwambie kwamba tarehe hiyo hiyo ndio inayofunga tovuti na kuvuruga mafaili, nakala ya zamani inaonekana mpya na mpya inaonekana ya zamani, mtu anafuta ile ya kweli.

Tatu, programu fulani inabadilisha saa. Windows inaweka kumbukumbu. Fungua "Event Viewer", nenda "Windows Logs" kisha "System", chuja kwa chanzo cha Kernel-General na namba 1. Utaona mistari ya saa imebadilishwa kutoka kiasi fulani kwenda kiasi fulani, na kwenye Windows 10 na 11 chini yake kuna "Process", jina la programu iliyofanya hivyo. Ukiona svchost.exe na badiliko la sekunde chache, ni kusinki kwa kawaida. Ukiona jina usilolijua na badiliko la masaa au siku, umempata, mara nyingi ni kale kaprogramu ka kuactivate Windows kwa njia za panya. Kaondoe, piga skani ya virusi, halafu rudia hatua ya 5.

## Hatua ya 8: Betri, kama kweli imefikia huku

Umefika hapa kwa sababu jaribio la usiku kucha la hatua ya 2 lilifeli, sio kwa sababu saa iliruka tu.

Kabla hujafungua, ingia BIOS uandike au upige picha mipangilio miwili: hali ya SATA (namna mazabodi inavyoongea na diski) kama ni AHCI au RAID, na hali ya kubuti (namna mashine inavyoanza kuwaka) kama ni UEFI au Legacy. Betri ikitoka, BIOS inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na hali ya SATA ikibadilika Windows haitawaka, watu wanadhani diski imekufa. Ile funguo ya BitLocker nayo iwe mkononi, mipangilio ikibadilika inaweza kuulizwa.

Chomoa umeme, na betri kubwa kama ni laptopu. Desktopu utaona kidude cha duara cha fedha, CR2032. Laptopu nyingi kimefungwa kwenye plastiki chenye waya wawili na plagi ndogo, hicho nunua chenye plagi ile ile, usichomelee waya kwenye betri tupu. Na baadhi ya laptopu mpya hazina kabisa, zinatumia betri kubwa kutunza saa, hizo ukiacha betri ikauke muda mrefu saa inapotea na sio ugonjwa.

Pima kwa mita. Mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 2.7 badilisha. Ikiwa inasoma 3 na saa bado inasimama, shida ni kishikizo chenye kutu au mazabodi yenyewe, peleka kwa fundi wa bodi na umweleze umeshapima nini.

Weka mpya, upande wenye alama ya + uangalie juu kwenye desktopu. Ingia BIOS, rudisha SATA na hali ya kubuti kama picha inavyoonyesha, kisha weka saa: ukiwa umechagua njia A weka saa ya UTC, yaani saa ya simu toa 3, ukiwa njia B au Windows tu weka saa ya simu kama ilivyo. Kumbuka ukifanya kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, kwa njia A tarehe ya UTC bado ni ya jana.

Baada ya hapo fanya hatua ya 5 mara moja, na hatua ya 6 kama una mifumo miwili. Andika kwenye kikaratasi, "Njia A" au "Njia B" na tarehe, bandika chini ya laptopu au ubavuni mwa desktopu, ili atakayekuja kupiga Windows mpya ajue: kama ni A arudishe ile amri ya `reg add`, kama ni B asiguse kitu zaidi ya kuchagua Nairobi.